Nyumba kwenye miji ya wafanyakazi wa kwenda na kurudi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanaulizwa na watu wa aina zote, wapangaji, wenye nyumba, wanaokuja kazini, na hata wale waliobaki nyumbani wanamsubiri mtu arudi. Mengine jibu lake ni refu kwa sababu jambo lenyewe lina mambo ndani yake, mengine sentensi mbili zinatosha.

Hawa wafanyakazi wa kwenda na kurudi ndo kina nani hasa?

Ni watu ambao kazi iko mbali na kwao kiasi kwamba jioni hawawezi kurudi nyumbani. Wanaingia kwa ndege, kwa basi la kampuni au kwa gari lao, wanapiga kazi wiki mbili au tatu mfululizo, mara nyingi masaa 12 kwa siku, alafu wanarudi kwao kupumzika wiki moja au mbili, na mzunguko unaanza tena. Utawakuta migodini, kwenye mafuta na gesi, kwenye ujenzi wa mabwawa na reli na mabomba, na siku hizi hata kwenye mitambo ya umeme wa upepo na jua. Mtindo wenyewe ulishika kwenye visima vya mafuta vya baharini, na huko hakuna ubishi maana juu ya maji huwezi kupima viwanja. Baadae ukapanda nchi kavu. Mgodi wa almasi wa Argyle, kaskazini mwa Australia Magharibi, ulipoanza kazi miaka ya 1980 hawakujenga mji wa wachimbaji kama ilivyozoeleka, watu wakawa wanaletwa kwa ndege kutoka Perth, umbali wa kilomita zaidi ya 2,000.

Kwanini makampuni yaliacha kujenga miji yao?

Hesabu tu. Ukijenga mji unabeba shule, zahanati, maji, barabara, taka, na siku mgodi unafungwa unabaki na watu elfu kadhaa wanaokuuliza sasa sisi twende wapi. Mgodi wa miaka 15 haumsumbui mhasibu, ila mji wa miaka 15 unamsumbua. Australia kuna kodi ya marupurupu iliyoanza 1986 ambayo inatajwa mara nyingi kwenye mjadala huu, maana iliongeza gharama ya kumpa mfanyakazi nyumba. Chile nako, mgodi wa shaba wa Chuquicamata ulikuwa na mji wake kabisa pembeni ya shimo, mji ukafungwa na watu wakahamishiwa mji jirani wa Calama, zoezi likakamilika karibu na 2008, na huko vumbi na afya za watu zilikuwa sehemu ya sababu.

Ila tusiwasingizie makampuni kila kitu, wafanyakazi wenyewe nao wanataka. Mwenza ana kazi yake mjini, watoto wako shule nzuri, mama mzee anahitaji mtu wa kumwangalia. Ukimwambia ahamishe nyumba nzima kwenda sehemu yenye duka moja na upepo, atakwambia bora nipande ndege.

Kama hawaishi hapa, mbona kodi za nyumba zimepanda hivi?

Kwa sababu haishi hapa lakini analala hapa. Kitanda ni kitanda, hakiulizi kama wewe ni mkazi au mpita njia.

Kwanza ujue kwamba kampuni kubwa yenye jina mlangoni mara nyingi ina kambi yake, wale sio wanaokusukuma wewe nje. Wanaokusukuma ni wakandarasi, na wakandarasi wa wakandarasi, yule mwenye kazi ya kufunga nyaya, mwenye kazi ya kupaka rangi matenki, mwenye magari ya kubeba kokoto. Hawa wamepewa kazi ya miezi minne au minane, kambini hawana nafasi au bei ya kitanda kule haiwalipi, kwahiyo wanaingia mtaani kutafuta nyumba na wanaitafuta leo sio mwezi ujao.

Alafu angalia nani analipa. Wewe na familia yako mnalipa kodi kutoka kwenye mshahara mmoja au miwili ya kawaida. Mkandarasi anachukua nyumba hiyo hiyo ya vyumba vinne, anaweka watu wawili kila chumba, ikibidi mmoja wa zamu ya mchana na mwingine wa usiku, kwahiyo kodi anaigawa kwa watu nane, na juu ya hapo ile gharama keshaiandika kwenye bei ya kazi, anayeilipa kwa kweli ni mradi. Sasa mwenye nyumba akiwaweka nyinyi wawili mezani, mmoja anaomba apunguziwe na mwingine anasema nakulipa miezi sita mbele, unadhani atamchagua nani? Hata kama ni mtu mwenye roho nzuri kabisa.

Ndo maana huhitaji wageni wengi kuvuruga mji mdogo. Mji wenye nyumba za kupanga mia tatu, zilizo wazi kumi, wakandarasi wawili tu wenye watu thelathini kila mmoja wanazimaliza zile kumi kwa wiki moja, na kuanzia hapo kila nyumba inayotoka inapigwa mnada. Baada ya hapo wanaingia wanaonunua ili wapangishe, wengine hawajawahi hata kuuona huo mji, wamesoma tu kwamba faida yake ni kubwa. Gesti na hoteli zinajaa, mgeni wa kawaida anakosa pa kulala, harusi inahamishwa, hata daktari wa kuja kushikiza wiki mbili anakosa chumba.

Williston, mji wa jimbo la North Dakota huko Marekani, ndo mfano ambao kila mtu anautaja. Sensa ya 2010 ilikuta watu 14,716, ya 2020 ikakuta 29,160, na hapo katikati mafuta ya Bakken, eneo la visima linalouzunguka mji huo, yalileta watu wengine wengi tu ambao sensa haikuwakamata. Kufika 2014 mji huo ulitajwa kwamba nyumba ndogo ya kuanzia maisha inapangishwa ghali kuliko miji mikubwa yote ya Marekani unayoijua. Watu walikuwa wanalala kwenye magari maegesho ya supamaketi wakiwa na kazi inayolipa vizuri mfukoni.

Si wajenge tu nyumba nyingi yaishe?

Hili ndo swali ambalo kila mtu anadhani lina jibu rahisi, na hapa ndo miji mingi imeumia.

Mradi mkubwa una maisha mawili. Kuna kipindi cha kujenga, ambapo unahitaji maelfu ya watu kwa miaka mitatu minne, na kuna kipindi cha kuendesha, ambapo watu wanashuka labda mpaka mia chache. Vurugu la nyumba linatokea kipindi cha kwanza. Sasa wewe halmashauri unaona foleni ya watu wasio na nyumba, unaamua kujenga. Inabidi upate ardhi, ipimwe, upeleke maji na umeme na mfereji wa maji taka, upate vibali, alafu utafute mafundi, na mafundi wenyewe wote wameenda mradini kwa sababu kule wanalipwa mara mbili, ukiwaleta wengine kutoka nje nao wanahitaji pa kulala (naam, wanaojenga nyumba za kupunguza uhaba wanaongeza uhaba kwanza). Mpaka funguo za kwanza zinatoka ni miaka miwili mitatu imepita, na ndo wakati ule ule wajenzi wa mradi wanafungasha mabegi.

Gladstone, mji wa jimbo la Queensland huko Australia, walijengewa viwanda vitatu vya kusindika gesi kwenye kisiwa cha Curtis kwa wakati mmoja mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kodi zikapaa, wawekezaji wakajenga majumba mengi, viwanda vikaisha, kodi zikaanguka na nyumba zikabaki na mabango ya kupangisha. Port Hedland, mji wa madini ya chuma kwenye eneo la Pilbara, Australia Magharibi, wakati wa neema nyumba ya kawaida ilipita dola milioni moja za Australia, na miaka michache baadae ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya hiyo thamani. Bei ya mafuta nayo ilikuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, mwanzoni mwa 2016 ikagusa chini ya 30, na miji yote ya mafuta ikashuka nayo. Waliokopa kwa bei ya juu deni halikushuka.

Kwahiyo mimi msimamo wangu ni huu na nitaurudia huko chini: wakazi wa kudumu wajengewe cha kudumu, wageni wa muda wapewe cha muda, na gharama ya hicho cha muda aibebe mwenye mradi, sio mji. Makosa mengi yanatokea pale hivi vitu viwili vinapochanganywa, mji unajenga nyumba za miaka hamsini kwa ajili ya mtu wa miezi nane, au mradi unamlaza mtu mwenye kazi ya miaka ishirini kwenye kontena.

Nani anaumia zaidi?

Mtu yeyote ambaye mshahara wake haujapanda wakati kodi imepanda. Nesi, mwalimu, polisi, muuza duka, mpishi, fundi magari asiyefanya kazi mradini, mstaafu, mama anayelea peke yake. Wenye nyumba zao wenyewe mwanzoni wanafurahi, na wana haki ya kufurahi.

Ila angalia kinachofuata. Nesi akihama kwa ajili ya kodi, zahanati inapunguza masaa. Mpishi akihama, mgahawa unafunga siku mbili kwa wiki. Mwalimu mpya anapangiwa kituo, anakuja, anatafuta nyumba wiki mbili, anarudi alikotoka. Mji una pesa kuliko wakati wowote na huduma zake ni mbovu kuliko wakati wowote, na hii ndo inawachanganya watu wa nje, wanasema si mnatengeneza hela huko?

Na kuna kundi halisemwi sana, mwanamke anayepigwa nyumbani. Kama hakuna chumba hata kimoja cha kupanga kwenye mji mzima, ataondoka aende wapi? Anabaki. Watu wa ustawi wa jamii kwenye miji ya aina hii wamelisema sana.

Kambi ni nzuri au mbaya?

Inategemea unaulizia mji au unaulizia mtu anayelala humo.

Kwa mji, kambi iliyopangwa vizuri inaokoa nyumba. Kitimat, jimbo la British Columbia huko Canada, ni mji wa watu elfu nane na kidogo, na mradi wa gesi ulijenga kambi ya kulaza watu 4,500. Hebu piga picha hao 4,500 wangeingia mtaani. Lawama ya kawaida ni kwamba kambi inazuia hela isiingie mjini, jamaa anakula kambini, anafua kambini, anafanya mazoezi kambini, anapanda basi kwenda uwanja wa ndege, mjini hajui hata jina la barabara. Hiyo lawama ni ya kweli, ila dawa yake ni kuweka masharti kwenye manunuzi ya kambi, kwamba mikate, nyama, dobi na usafiri vinunuliwe hapa, sio kuvunja kambi na kumwaga watu kwenye nyumba za kupanga.

Pia kambi inaweza kumfaa mji siku ya shida. Moto wa msituni wa Fort McMurray, mji wa mafuta huko Canada, mwezi wa tano 2016 ulifukuza watu zaidi ya 80,000, na maelfu waliokimbilia kaskazini walipokelewa kwenye kambi za wafanyakazi wa mafuta kabla ya kutolewa kwa ndege na misafara ya magari.

Kwa anayelala humo, uliza vitu viwili tu. Cha kwanza, chumba ni changu au kila nikirudi napewa kingine? Chumba chako unaacha viatu, picha za watoto, shuka yako, ukirudi ni kama unafika sehemu. Ukipewa kila mara chumba kipya unaishi kwenye begi miaka mitano. Cha pili, kuna kulala kwa kupokezana, yaani wa usiku anaingia kitanda ambacho wa mchana ametoka? Kama kipo, kimbia ukiweza. Usingizi wa mchana kwenye kuta nyembamba, korido ina watu wanaongea, kiyoyozi kinanguruma, alafu usiku unaendesha mtambo wa tani mia, hapo tunaongelea usalama sio starehe tena. Chakula na intaneti watu wanalalamikia sana pia, na intaneti sio anasa, ndo njia pekee ya kumwona mtoto kabla hajalala.

Kampuni ikitoa posho ya nyumba badala ya nyumba si inatosha?

Posho haijengi nyumba. Inampa mtu hela ya kugombania zile zile zilizopo, na mwenye nyumba akishajua posho ni kiasi gani kodi inapanda mpaka hapo hapo.

Mfano mzito ni ukanda wa platinamu wa Afrika Kusini. Zamani wachimbaji waliotoka mbali walirundikwa kwenye hosteli za wanaume, mfumo wa kibaguzi ambao hakuna anayeutaka urudi. Baadae wakapewa posho ya kuishi nje, hela ndogo, na nje yenyewe hakukuwa na nyumba za kutosha, kwahiyo watu wakaishia kwenye vibanda vya mabati vilivyozunguka migodi, bila maji ya uhakika, na sehemu ya posho wanaituma kwao kwa familia. Tume iliyochunguza mauaji ya Marikana ya mwezi wa nane 2012, ambapo polisi waliua wachimbaji 34 kwa siku moja, ilikuta kwamba kampuni ya mgodi iliahidi nyumba 5,500 na zilizojengwa ni 3. Tatu! Makazi hayakuwa sababu pekee ya mgomo ule, mshahara ndo ulikuwa mbele, lakini huwezi kuelewa hasira ile bila kuangalia watu walikuwa wanalala wapi.

Naanza kazi huko, nipange mjini au nikae kambini?

Kama mkataba wako haufiki mwaka, kaa kambini kama unapata. Kama ni kazi ya kudumu na rosta yako ni fupi, mfano siku nane kazini sita nyumbani, na unaona unaweza kuleta familia, basi tafuta nyumba, ila usivunje maisha ya kule mpaka umepita kipindi cha majaribio. Wengi wanauza nyumba kwao ndani ya miezi miwili ya kwanza kwa furaha ya mshahara.

Na soma mkataba wa kazi vizuri kuhusu siku za kusafiri. Ukitumia siku nzima kwenda na nyingine kurudi bila kulipwa, mapumziko ya siku saba ni siku tano. Hilo ndo linaamua kama nyumba ya mbali inakulipa au inakuchosha.

Nina nyumba hapa, nimpangishie mkandarasi?

Sikukatazi, ni mali yako. Ila jilinde. Mkataba uwe na kampuni, sio na msimamizi wa saiti anayeondoka mwezi ujao. Andika idadi ya watu watakaolala humo, kwa majina kama inawezekana, maana ukisema nyumba ya watu wanne utakuta tisa, na choo kilichojengwa kwa familia moja kinakufa mapema sana. Amana iwe kubwa kuliko kawaida. Piga picha kila chumba kabla. Bima yako iulize kama inakubali nyumba kulaza wafanyakazi, maana nyingi zinasema ni biashara na siku ya moto watakugeuka. Na kipengele cha kuvunja mkataba kisome mara mbili, wakandarasi wanapenda kuandika kwamba kazi ikisimama wanatoka ndani ya wiki mbili, huku wewe umeshakopa kwa kutegemea mwaka mzima.

Kitu kingine, mpangaji wa kawaida aliyekaa kwako miaka sita analipa kidogo lakini anajua bomba likipasuka wapi pa kufunga. Hiyo nayo ina bei yake, piga mahesabu nayo.

Mwenye nyumba kanipandishia kodi ghafla, nifanyeje?

Kwanza usihame kwa hasira, kwa sababu nyumba nyingine hakuna. Angalia mkataba na sheria ya sehemu ulipo, nchi nyingi zinadai taarifa ya maandishi na muda fulani kabla ya kupandisha, na nyingi haziruhusu kupandisha katikati ya mkataba wa muda maalum. Omba mkataba mrefu, miaka miwili kwa kodi iliyopanda kiasi, wenye nyumba wengi waliokwisha onja wakandarasi wanakubali maana wamechoka kurekebisha kuta. Mwajiri wako kama ni hospitali, shule au halmashauri mpelekee barua rasmi, sio malalamiko ya korido, maana bajeti ya nyumba za watumishi inaombwa kwa karatasi.

Ninunue sasa hivi kabla haijapanda zaidi?

Kama utaishi humo miaka kumi na ungeweza kulipa mkopo kwa mshahara wa kawaida bila ovataimu, haya. Kama unanunua kwa ajili ya kupangisha wageni, jiulize mradi uko kwenye kipindi gani, ujenzi au uendeshaji. Ukiona madalali wanatoka mji mkuu na vipeperushi, umechelewa.

Vipi wanaolala kwenye magari na mahema?

Wengi sio masikini kwa maana ya kawaida, wana kazi, hawana kitanda. Mji ukiwafukuza bila kuwapa pa kuegesha wanasogea kilomita tano nje ambako hakuna maji wala choo. Eneo la kuegesha lenye bomba, vyoo na taa linagharimu kidogo kuliko doria za kila usiku. Sehemu za baridi kali ni hatari kweli, watu wanawasha majiko ya gesi ndani ya gari na hewa inawaua wakiwa usingizini.

Kwanini serikali inasema mji wetu una watu wachache kuliko tunaowaona?

Kwa sababu sensa nyingi zinamhesabu mtu kwenye makazi yake ya kawaida, na makazi yake ya kawaida ni kule kwao. Kwahiyo bajeti ya barabara, zahanati na mitambo ya maji taka inakuja kwa hesabu ya wakazi, wakati maji yanatumiwa na wote. Mtambo wa kusafisha maji taka haujui nani ni mkazi.

Wilaya ya Wood Buffalo, ambako ndo Fort McMurray ilipo, walichoka wakaanza kufanya sensa yao wenyewe inayohesabu na watu wa kambi, ikaonekana kwamba hao wasiohesabika ni makumi ya maelfu. Kama huwezi kufanya sensa, kuna namba zingine za kuanzia nazo: vitanda vya kambi na vingapi vimejaa, abiria wa uwanja wa ndege, lita za maji taka kwa siku, vyumba vya hoteli vilivyolipiwa na makampuni. Hazitoshi peke yake, ila ukizipeleka kwa wizara pamoja wanaacha kukuambia mji wako ni mdogo.

Na kule kwao wanakotoka, nyumba zikoje?

Watu wanasahau huu upande. Mshahara wa mgodini unalipwa huku, unatumika kule. Chile kuna wachimbaji wengi wa migodi ya Antofagasta wanaoishi La Serena na Coquimbo na hata Santiago, na hela yao inajenga kule. Australia Magharibi ni Mandurah, Busselton na vitongoji vya Perth. Kwahiyo mtaa unaweza kupanda bei kwa ajili ya mgodi ulio kilomita elfu moja na nusu, na mgodi ukipunguza watu, mtaa mmoja unakuwa na nyumba kadhaa zinauzwa kwa wakati mmoja.

Hatari kubwa iko kwenye mikopo. Benki inaangalia mshahara na ovataimu na posho ya mbali, inakupa nyumba kubwa, na kuanzia siku hiyo huwezi kuacha kazi hata mgongo ukiuma, hata ndoa ikiyumba. Wenyewe wanaita pingu ya dhahabu. Ukiweza, kopa kama vile ovataimu haipo.

Halmashauri inaweza kufanya nini kwa kweli?

Zaidi ya inavyojiambia, ila mapema tu, kabla ya kibali. Baada ya kibali unakuwa unaomba.

Queensland walitunga sheria 2017 ambayo, kwa miradi mikubwa ya madini na gesi iliyo karibu na mji, inakataza kuwa na wafanyakazi wote wa kuletwa kwa ndege, na inakataza kumnyima mtu kazi kwa sababu anaishi karibu. Karibu ina maana ndani ya kilomita 125 na mji uwe na watu zaidi ya 200. Sheria kama hii haileti nyumba moja kwa moja, lakini inampa mtu chaguo la kuhamia au kubaki, na hilo chaguo likiwepo mradi unalazimika kufikiria nyumba za kudumu tangu mwanzo.

Mengine ni ya kawaida lakini yanasahaulika: kupima viwanja kabla ya neema, kutenga nyumba za watumishi wa umma ambazo haziruhusiwi kupangishwa kwa makampuni, kutoza ada kwa kila kitanda cha kambi kinachotumia maji ya mji, kuweka muda wa mwisho wa kambi na dhamana ya kuiondoa. Kambi za muda zina tabia ya kutimiza miaka ishirini.

Mradi ukiisha nyumba zinaenda wapi?

Zinabaki, na bei yake inaondoka. Tumbler Ridge, British Columbia, ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya makaa ya mawe. Mgodi mkubwa ulipofungwa mwaka 2000 nyumba ziliuzwa kwa bei ya kutupa, zikanunuliwa na wastaafu na watu wa mbali, mji ukabadilika sura lakini haukufa. Huo ni mwisho mzuri kiasi, na uliwezekana kwa sababu nyumba zilikuwa nyumba kweli, zenye barabara na maji. Vibanda vya kontena havipati wastaafu.

Tumesikia mradi unakuja kwetu, kwenye mkutano tuulize nini?

Muulize mwenye mradi kwenye kilele cha ujenzi atakuwa na watu wangapi na kilele hicho kitaanza mwezi gani, na kipindi cha uendeshaji wangapi, asikupe wastani, wastani unaficha kilele. Muulize wakandarasi wake watalala wapi na kama hilo limeandikwa kwenye mikataba yao, kwa sababu wengi watajibu kuhusu watu wao wenyewe na kunyamaza kuhusu wakandarasi. Vitanda vya kambi vitakuwa tayari kabla ya wafanyakazi kufika au miezi sita baadae? Maji ya kambi yanatoka wapi? Nyumba anazoahidi kujenga, ni ngapi na mwaka gani, na asipojenga kuna adhabu gani iliyoandikwa. Kama jibu la hili la mwisho ni tutashirikiana na jamii, mwombe arudie swali alilosikia, alafu ajibu tena, na katibu aandike majibu yote mawili kwenye muhtasari.